Volontia Haulizwi

Kilichoninyima usingizi juma zima ni swali moja: mtu akiagizwa kujitolea, bado amejitolea? Mama, aliyenisikia nikigeukageuka kitandani, alisema nimesoma sana. Pengine kweli. Mie naweza kumwamkia jirani asubuhi, kisha nikashinda najiuliza kama sauti yangu ilikuwa na dharau.

Lakini swali hili halikutoka hewani. Tangu nimalize chuo nilikuwa nafundisha Kiingereza kwenye sekondari moja ya binafsi huku Gongo la Mboto, bila mshahara. Hakuna aliyesema najitolea. Walisema volontia. Nadhani Kiswahili kingewasuta: kujitolea ni mtu kuitoa nafsi yake mwenyewe, na ya mwenzio huwezi kumtolea. "Madam atavolontia kusimamia mtihani Jumamosi." "Madam atavolontia kwenda Buguruni kununua mapambo ya mahafali." Siku niliyosema sijakubali, mwalimu wa taaluma alicheka hadi chai ikampalia.

"Volontia gani anaulizwa, sista? Ukishakuwa volontia, umeshavolontia!"

Ofisi nzima ikacheka. Na mie nikacheka, kisha nikajichukia njia nzima ya kurudi nyumbani.

Nikalitafuta neno lenyewe, volunteer. Limepitia Kifaransa likitokea Kilatini, na mzizi wake ni kutaka. Waingereza walianza kulitumia kwa askari: aliyejiunga mwenyewe, si yule aliyekamatwa akavalishwa magwanda. Wamelichukua neno la mtu mwenye hiari yake, wakambandika mtu asiye na pa kwenda, na bado wanataka ashukuru!

Hata hivyo nilivumilia, maana mkuu wa shule aliniahidi: nafasi ya ajira ikitoka, ni yangu. Ikatoka. Jumatatu akaniita ofisini. Kwenye kiti cha wageni alikaa kijana nisiyemjua.

"Huyu ndiye mwalimu wetu mpya wa Kiingereza," akasema. "Wewe mwanangu utavolontia kumwelekeza. Umpe na maandalio yako ya masomo."

"Na nafasi yangu, mwalimu?"

"Vumilia. Mvumilivu hula mbivu."

Mbivu zenyewe zilikuwa pale kwenye kiti, zimevaa tai.

Kwa kawaida ningesema sawa, nikaumie nyumbani. Kichwa kikaanza yake: nikiitwa jeuri je? Asiponiandikia barua ya kunipendekeza kwingine? Na huyu kijana ana kosa gani? Ila nilijua kwamba asiyeweza kukataa hajawahi kukubali, na mie kwenye shule ile nilikuwa sijakubali chochote.

"Sitaki," nikasema.

"Unasemaje?"

"Kwa heshima yako, mwalimu, sitaki. Na kazi nimeacha."

Nikaenda ofisi ya walimu, nikakusanya maandalio yangu na boksi la chaki nililonunua mwenyewe, nikatoka getini kengele ya chai haijalia.