Hatua Thelathini na Sita

Nimepatana bei na watu wengi sokoni Ng'ambo: wenye mbuzi, wenye nta, hata mtu wa reli aliyetaka kuniuzia saa isiyotembea kwa maelezo kwamba imepumzika. Mapatano ninayoyajutia ni yale ya siku ambayo mezani hapakuwa na bidhaa yoyote. Ilikuwa ofisini kwa wakili.

Mzee mmoja wa Isevya alimuuzia mfanyabiashara wa jumla sehemu ya mbele ya kiwanja chake. Niliitwa kupima, kwa kuwa nilijulikana kwa kuhesabu kila kitu mara mbili. Kutoka barabarani nilipata hatua thelathini na mbili. Nikarudi, zikawa thelathini na mbili. Hapo ukapandwa ua wa minyaa. Nyuma yake akabaki mzee na mkewe, nyumba yao, na kisima ambacho mama alikitumia kumwagilia mchicha wake wa kuuza. Kiangazi, visima vya majirani vilipotoa tope, chake kilitoa maji.

Mzee alipofariki, vibarua wa mfanyabiashara waling'oa minyaa, wakasema wanasafisha. Kisha mama akashtakiwa kwamba ameingia kwenye kiwanja cha mtu. Shahidi wa vipimo aliyebaki hai nilikuwa mimi, na vitambaa nilivyouza nilivichukua dukani kwa mfanyabiashara huyo huyo. Wakili wake akaniita.

Alikuwa mtu mpole, Kiswahili chake safi kuliko changu.

"Hatua arobaini," akasema. "Ndivyo utakavyomwambia hakimu."

"Thelathini na mbili, Bwana wakili."

"Kumbukumbu huchakaa, ndugu yangu. Thelathini na nane."

"Miguu haijachakaa. Thelathini na mbili."

"Mteja wangu amekulea kibiashara. Huwezi kusogea hata kidogo?"

Hapo ndipo nilipokosea. Nikiambiwa nisogee, mdomo wangu hujibu kabla yangu. "Thelathini na nne," nikasema.

"Thelathini na sita, tuachane kwa wema." Akanipa mkono, nami nikaupokea.

Nilitoka nimefurahi kwamba nimempunguza hatua nne mtu aliyesoma Ulaya. Nilikuwa nusu ya njia ya kurudi sokoni nilipofanya hesabu upya. Nilikuwa nimepunguza nne kwenye uongo wake na kuongeza nne kwenye ukweli wangu. Nikarudia, ikatoka vilevile.

Asubuhi nilikwenda Isevya. Mama alikuwa kwenye matuta yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unatembea kama korongo?"

"Napima."

"Si ulishapima? Au miguu ya siku zile ulikuwa umeazima?"

Niliendelea kuhesabu kutoka barabarani. Kwenye hatua ya thelathini na tano kidole changu cha mguu kiligusa ukingo wa kisima.

Siku ya kesi nilikula kiapo. Wakili akaniuliza hatua zilikuwa ngapi, nikasema thelathini na mbili, kwenda na kurudi. Hakukasirika. Alitabasamu kama mtu aliyeletewa chai.

"Juma lililopita, ofisini kwangu, hukusema thelathini na sita?"

"Nilisema. Tulikuwa tunapatana. Wewe ulianzia arobaini."

Watu wakacheka. Mkalimani alimtafsiria hakimu, ambaye hakujua Kiswahili, lakini alitafsiri swali na neno "nilisema" tu, na mengine yakabaki kwake. Nilipoomba yatafsiriwe yote, niliambiwa nijibu ninaloulizwa. Wakili akainama kwa heshima na kusema kwamba shahidi huyu ana hesabu mbili, hivyo hana hata moja.

Hakimu akauweka kando ushahidi wangu. Kisima kilikuwa mwendo wa sigara moja kutoka pale, na hakuna aliyeinuka kwenda kukitazama. Upande mmoja unadai arobaini, akasema, upande mwingine thelathini na mbili. Mahakama itagawa katikati. Nilihesabu kwa vidole chini ya ukingo wa kizimba, nikahesabu tena. Thelathini na sita, ile ile tuliyopeana mkono juu yake. Kumbe arobaini haikuwa tamaa. Ilikuwa bei ya kuanzia, na mimi mtu wa sokoni sikuitambua.

Nilikwenda kwa wakili mwingine, mzee, anayesifiwa kwa kukataa kesi. Aliniambia kwamba wakili anaruhusiwa kumuuliza shahidi anachokijua, ila kumtilia maneno mdomoni ni kosa la kumfutia kazi.

"Andika malalamiko," akasema. "Ulikubali thelathini na sita?"

"Nilikubali."

"Basi na hilo uliandike."

Nilikaa na karatasi siku tatu, maana aliyeuza hatua zile nilikuwa mimi pia. Mwishowe nikaandika yote, na jina langu chini, barua ikapelekwa Dar es Salaam kwa wanaosimamia mawakili. Jibu lililokuja lilisema barua imepokelewa. Hilo nilikuwa nalijua, niliipeleka posta mwenyewe. Yule mpole aliendelea kuinama mbele ya mahakimu, na mfanyabiashara akaacha kunipa vitambaa.

Mama sasa huteka maji kwa ruhusa ya mfanyabiashara, ndoo mbili asubuhi. Mchicha umebaki tuta moja. Nilipokwenda kununua nikamweleza habari ya ile barua. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ungesema thelathini na mbili peke yake," akasema, "kule ofisini."

Niliomba mafungu manne, wala sikuomba apunguze bei. Akayahesabu mbele yangu, akayarudisha kwenye ungo, akayahesabu tena, ndipo akanipa.