Kinyozi na Bei ya Nyanya

Muuza nyanya hakumwamini kinyozi wa kibanda cha jirani. Mtu mzima yule, lakini huchora mistari miwili inayokatana kwenye poda iliyomwagika mezani, kisha huifuta upesi kwa kiganja huku akikohoa. Kila asubuhi alimjia na swali lile lile, kwa sauti ya chini: "Dada, ukipandisha bei leo, wangapi watakukimbia?" Hanunui hata moja. Aulizaye bei bila kununua ana lake jambo.

Siku moja bahasha ya kinyozi ikaletwa kimakosa kwenye meza ya nyanya, gundi imeachia. Ndani mlikuwa na zoezi la uchumi lenye mistari ile ile miwili inayokatana, kidato cha sita, masomo kwa njia ya posta. Wino mwekundu ulisema: "Mfano wa muuza nyanya ni mzuri. Je, akipata mshindani?"

Akamrudishia bila kutabasamu. "Kaka, huyo mwalimu wako anauzia nyanya wapi?"