Umeme wa Mchana

Nyumba tuliyopanga Musoma mjini ilikuwa na vyumba sita, uwanja mmoja wa saruji, bomba moja na mita moja ya umeme. Bili ikija, mama mwenye nyumba alihesabu taa. Chumba chenye taa moja kililipa fungu moja. Chumba chenye taa na redio kubwa kililipa taa moja na nusu. Jirani yetu wa ukuta mmoja, mjane aliyelea mabinti wawili kwa kunyoosha nguo za watu wa ofisini, alilipia taa tatu: moja ya kuangazia na mbili za pasi. Sote tulimwita mama wa pasi. Hakuna aliyewahi kuuliza ni nani aliyeipima pasi ile akaikuta sawa na taa mbili. Tuliikuta nyumba na hesabu yake, tukaishi humo kwa amani.

Naanza na hesabu hiyo kwa sababu ndiyo iliyonipumbaza. Ukigawana umeme kwa taa miaka minne mfululizo, unaanza kuamini kwamba kinachokula umeme ni taa peke yake.

Ilikuwa miaka ile mambo yalipolegezwa. Madukani sabuni ilikuwa imerudi, mitumba imejaa mnadani, na huku makazini watu wanapunguzwa. Mimi nilikuwa fundi katika gereji ya magari ya ushirika. Gereji ilipouzwa kwa mtu binafsi tuliambiwa tusubiri mafao yetu, na ili kutupoza moyo kila mmoja akaruhusiwa kuondoka na kitu. Mwenzangu alichukua jeki. Mimi nikachukua betri ya lori, nikaifunga kwenye kerieri ya baiskeli na kuisukuma hadi nyumbani huku nikitukana njia nzima. Nilikuwa mtu wa hasira za karibu wakati huo, na sikuona kwa nini nijizuie.

Mke wangu alikuwa mwalimu wa UPE. Alimaliza darasa la saba, akafundishwa kazi kwa muda mfupi, akapewa chaki, na kwa miaka mingi hakuna aliyelalamika. Sasa barua ilikuwa imekuja: asiye na cheti cha kidato cha nne akitafute, la sivyo atapisha wenye vyeti. Mshahara wake ndio uliokuwa umebaki nyumbani kwetu. Basi alijiandikisha kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mchana alifundisha, alasiri alihangaika na jiko na maji, na muda wa kushika kitabu ukabaki kuanzia saa moja jioni.

Na saa moja jioni ndiyo saa ambayo umeme wa Musoma ulikuwa haufai. Redio ilisema mabwawa yamepungua maji, kwa hiyo kulikuwa na mgao. Hata siku isiyo yetu ya mgao, mji mzima ukiwasha kwa pamoja taa ilikuwa nyekundu tu, huwezi kusoma hata jina lako. Mke wangu alisomea koroboi mpaka macho yakavimba. Nilimwonea huruma sana, nikaikumbuka ile betri.

Rafiki yangu mmoja mchomeleaji alinitengenezea chaja kutokana na transfoma kuukuu. Ilikuwa nzito, ilinguruma, na baada ya nusu saa huwezi kuigusa kwa joto. Nikafunga globu ya gari juu ya meza. Asubuhi watu wakienda makazini nilichomeka chaja, jioni nikaichomoa. Mji ukianza kugombania umeme, sisi tulikuwa na wetu ndani ya betri, mweupe na mtulivu. Nilijiona mjanja kweli. Nikaenda kwa mama mwenye nyumba nikamwambia nimetoa taa yangu ya darini, kwa hiyo aniondoe kwenye hesabu.

"Na ile inayowaka humo ni ya nini?" akauliza.

"Ya betri, mama. Umeme wake unaingia mchana, hakuna taa inayowaka nyumba nzima."

Alifikiri, akakubali. Naye alikuwa mtu wa hesabu ya taa kama mimi.

Mabinti wa mama wa pasi walihamia mezani kwetu. Kila jioni walikuja na madaftari yao, mkubwa wa darasa la sita na mdogo wa la tatu, wakakaa upande mmoja na mwalimu wao upande wa pili. Yule mkubwa alikuwa na akili nyepesi ya hesabu kuliko mke wangu, na kuna jioni niliwakuta wanabishana juu ya sehemu za desimali na mwalimu ndiye anayefuta. Mama yao alituletea vitumbua kwa shukrani. Niliona tumewasaidia.

Bili ya mwezi wa kwanza ilipanda. Ya pili ikapanda zaidi. Ya tatu ilipofika, mama mwenye nyumba aliita kikao uwanjani, Jumapili baada ya ibada, akiwa bado na kitenge chake cha kanisani.

"Nyumba hii nimekaa nayo tangu mzee wangu yupo hai," alisema. "Sijawahigi kuona karatasi ya namna hii."

Karani wa halmashauri, aliyekaa chumba cha mwisho, akasema tuwe siriasi, kitu chenye moto ndani ya nyumba hii ni pasi. Wengine wakaitikia. Mama wa pasi alisimama mlangoni kwake akijifuta mikono kwenye kanga.

"Pasi ni ileile, na nguo ni zilezile," alisema. "Mnaniona nanyoosha asubuhi tu. Kimebadilika nini kwangu?"

Akaambiwa pasi ya umeme basi, atumie ya mkaa. Mimi nilikuwepo, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Naapa siku ile sikujua. Nilimsikitikia kama wengine walivyomsikitikia, na jioni nikasema mezani kwamba wamemwonea.

Nilijua wiki mbili baadaye. Ilikuwa asubuhi, nimebaki peke yangu na mama wa pasi, yeye yuko uwanjani anapuliza mkaa. Nilipita chini ya mita nikitafuta spana, nikainua macho. Kile kisahani cha ndani kilikuwa kinazunguka mbio. Taa zote zilikuwa zimezimwa na pasi iko kabatini. Niliingia ndani nikachomoa chaja, nikarudi kutazama. Kisahani kilikuwa kimesimama. Nikachomeka tena, kikakimbia. Nilirudia mara nne, mtu mzima mimi, fundi wa miaka kumi na moja, natoka na kuingia.

"Shemeji, umepoteza nini?" mama wa pasi aliniuliza.

"Spana," nikasema.

Mtihani wa mke wangu ulikuwa umebakiza wiki saba. Nilijiambia wiki saba si nyingi. Nikaiunganisha chaja siku moja moja badala ya kila siku, nikajiona nimefanya jambo. Kwa mke wangu sikusema neno, maana nilimjua: angezima ile globu saa ileile.

Pasi ya mkaa ina cheche. Wiki ya nne kati ya zile saba, cheche moja ilidondoka kwenye koti la bwana harusi lililoletwa kunyooshwa, ikatoboa kifuani, mahali pasipofichika. Mama wa pasi alilipa koti lile kwa kuuza cherehani yake. Habari zikaenea ofisini, na nguo zikaacha kuja. Mwezi haukwisha akafunga virago, akaenda kwa dada yake Bunda na mabinti wote wawili. Asubuhi ile nilimbebea godoro hadi stendi. Alinishukuru, nami nilipokea shukrani zile na kumtakia safari njema. Katika yote niliyoyafanya, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mke wangu alifanya mtihani wake. Kesho yake baada ya karatasi ya mwisho alilala mchana kutwa, nami nikapanda gari kwenda Bunda.

Nilimkuta sokoni, amepata kijipembe nyuma ya wauza dagaa, ananyoosha mitumba ili wachuuzi waiuze ikiwa imekunjwa vizuri. Bado alikuwa na pasi ya mkaa. Binti mkubwa alikuwa anakunja mashati. Nikauliza mbona hayuko shule, nikaambiwa uhamisho wake haujakamilika, anazungushwa. Nikamweleza mama yake kila kitu, chaja, kisahani, na zile wiki saba. Alisikiliza bila kuacha kunyoosha.

"Mimi nilikuwaga najua kuwa siyo pasi," alisema nilipomaliza. "Sasa umetoka Musoma kuja kuniambia mimi? Walionitoa wako kule. Waambie wao."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa machozi. Nilijiona nimefanya ushujaa kwa kupanda gari, kumbe nilikuwa nimechagua masikio ambayo hayatanidhuru. Njia nzima ya kurudi nilikaa nimeinamisha kichwa.

Jumapili iliyofuata nilisimama uwanjani, watu wakiwa wanafua, nikasema. Karani aliacha kusuuza soksi zake. Mama mwenye nyumba alikuwa anapembua dagaa kwenye ungo. Aliuweka chini.

"Na mimi nilimtoa," alisema. "Na watoto wake."

Mke wangu alikuwa bombani na beseni. Naye alikuwa anasikia kwa mara ya kwanza. Alikuja karibu yangu, akasema kwa sauti ya chini, ila watu wote walisikia: "Ungeniambia, ningebaki shuleni nikasoma kabla jua halijazama. Ofisi ya walimu ina madirisha makubwa. Wewe ungepika." Kisha akaingia ndani, akakata waya wa ile globu kwa mkasi.

Kesho yake mama mwenye nyumba alikwenda Bunda mwenyewe, kumwomba mama wa pasi arudi kwenye chumba chake na pasi yake. Tulimsubiri. Mke wangu alikuwa amekipiga deki kile chumba na kufua pazia. Jua lilikuwa bado juu aliporudi. Hakuwa na mama wa pasi. Alikuwa na yule binti mkubwa, na sanduku la bati la shule.

"Amenikaribisha chai," alisema, akikaa kwenye kibaraza kuvua viatu. "Kurudi amekataa. Amesema nyumba iliyomtoa hataiingia tena. Ila mtoto mwakani anaanza darasa la saba, hataki asomee sokoni. Huyu amemkabidhi kwa mama mwalimu."

Nikainuka nipokee lile sanduku.

"Mama mwalimu," akarudia, akinitazama. "Wewe hakukutaja."

Binti alinisalimia shikamoo, akanipita na sanduku lake mkononi, akaingia ndani kwa mke wangu.