Namba Saba wa Katubuka

Oswald alikuwa fundi baiskeli pale Katubuka, lakini ukimwita fundi aliitika nusunusu. Alitaka umwite winga. Kwa miaka mingi alivaa jezi namba saba ya timu yetu, na mimi Bonifasi, kipa, nilizoea kuona mgongo wake ukipotea upande wa kulia huku mabeki wa Kasingirima wakimfukuza bila kumpata. Siku hizo zilikwisha. Goti lilivimba, mbio zikaisha, na mashabiki wale wale waliokuwa wakimbeba juujuu wakaanza kumwambia akasugue benchi. Watu hawana haya.

Halafu akaja Nduwimana. Vita vilipopamba moto Burundi alivuka mpaka na mama yake, akapata kibarua cha kubeba magunia ya dagaa bandarini Kibirizi, na jioni moja akaja mazoezini peku. Siku hiyo hiyo alimpiga Oswald chenga, Oswald akakaa chini puu! Tulicheka mpaka kocha Anatoli akatufokea. Kijana akamwinua, akampangusa vumbi, akasema, "Pole, Mzee. Shikamoo."

Mzee! Mtu hata arobaini hajafika! Oswald hakuitikia. Kila jioni alipewa shikamoo ile mbele ya timu nzima, kwa adabu kabisa, na kila jioni ilimchoma. Wivu ulimla waziwazi. Vijana wakimsifu Nduwimana pale kijiweni kwake, Oswald anagonga rimu kwa nyundo mpaka wanyamaze. Mkewe, Regina, alipothubutu kusema kijana anakimbia vizuri, yeye Oswald alisukuma ugali pembeni akatoka nje. Mimi aliniambia, "Wamekuja mikono mitupu, Boni, sasa wanabeba vyetu." Nikamwambia aache maneno ya hovyo. Kwani namba saba alizaliwa nayo?

Ligi ya wilaya ikakaribia, na kwenye usajili ilibaki nafasi moja tu. Ama Oswald, ama Nduwimana. Tukakaa barazani kwa Anatoli kuamua, na wote wawili walikuwepo. Wengine wakasema mtu aliyetuchezea hivyo hatupwi kama ganda la ndizi. Wengine, nami nikiwa mmoja wao, tukasema ligi haichezwi kwa huruma. Oswald alitazama chini, akibonyezabonyeza goti. Kura zikalingana. Anatoli akamgeukia kijana.

"Nawe unasemaje?"

"Mzee abaki," Nduwimana akajibu. "Timu hii ni yake. Mimi nitasubiri mwaka ujao. Kusubiri nimezoea."

Basi Oswald akabaki. Watu wakampigia makofi, wakampa mikono. Nilimsindikiza nyumbani nikitegemea furaha, hata soda, japo kura yangu ilikuwa dhidi yake, lakini njia nzima alichechemea mbele yangu bila kugeuka. Regina alitoka mbio kuuliza. Nikamwambia kura zimelingana, Nduwimana mwenyewe ndiye aliyesema mumewe abaki. Akapiga kigelegele.

"Nyamaza!" Oswald akamkatiza. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Angeninyang'anya, mama, ningemchukia mpaka kufa, na nisingelaumiwa na mtu. Sasa kanipa, mbele za watu wote. Hata kumchukia kaninyima."