Kona ya Ramani Iliyoninyima Utulivu

Mwaka niliokuwa naandika tasnifu ya uzamili niliishi Kariakoo na dada yangu, ghorofa ya tatu, juu ya duka lake la viatu vya jumla. Kazi yangu ilikuwa kuigiza kwenye kompyuta jinsi mawimbi yanavyoingia mlango wa bandari hadi pale vivuko vya Magogoni vinapopita. Bahari niliigawa miraba. Kila hatua, programu ilikadiria yenyewe kosa la hesabu katika kila mraba; palipozidi kiwango nilichoweka, iliukata mraba vipande vinne na kuhesabu upya. Kwingine iliacha miraba mikubwa, kompyuta isichoke bure.

Miraba midogo ilitakiwa kulifuata wimbi. Wiki moja kabla ya kumpelekea msimamizi wangu matokeo, ikaanza kurundikana kwenye kona moja ya ramani, hata wimbi lilipokwisha kupita. Ikakatwa, ikakatwa tena, mpaka kompyuta ikawa ya moto siwezi kuipakata. Nikabadili kiwango. Nikazima, nikawasha. Kukaa nikashindwa. Nilishuka dukani nikapanga makatoni ambayo sikuombwa kupanga, nikapanda tena; kona ile ile. Dada akaniambia nimetia viatu vya kiume kwenye katoni za watoto, afadhali nikatembee.

Nikaenda kwa miguu mpaka Magogoni. Maji siku ile yalikuwa shwari kabisa, hayakunisaidia chochote.

Niliporudi nikafanya jambo ninalolionea aibu hadi leo. Niliandika mstari mmoja wa kuizuia programu isikate miraba kwenye kona ile. Picha ikatoka safi. Wimbi likafika kivukoni likiwa kubwa kuliko nilivyotarajia, nami nikaandika sura nzima juu ya ukubwa huo.

Msimamizi wangu alikuwa mama wa Kilimanjaro, mpole, asiye na haraka. Nilimwamkia, akaitikia, akaitazama picha kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akaweka kidole kwenye kona.

“Hapa kosa limefika ngapi?”

Nikamwambia hapo nimezuia.

“Umezuia kosa, au umezuia kulipima?”

Hakunigombeza. Alivuta kiti, tukasoma jedwali la vina vya maji nililoipa programu, namba moja moja, tukilinganisha na ramani ya bahari nilikozitoa. Kwenye kona ile nilikuwa nimeandika mita moja badala ya kumi na moja. Nilikuwa nimesimamisha chini ya maji kilima ambacho hakipo, wimbi likajigonga pale na kurudishwa kuelekea mlango wa bandari. Programu ilikuwa inaniambia siku zote hizo.

Niliporekebisha, kona ikatulia. Lakini wimbi lililofika kivukoni sasa lilikuwa dogo, la kawaida tu, na sura yangu yote ikaanguka. Sikuhitimu na wenzangu mwaka ule.

Nilimweleza dada akiwa anamfungia mteja mzigo. Aliuliza kitu kimoja.

“Hiyo hesabu mpya una uhakika nayo?”

Nikasema angalau sasa najua kosa lake linaweza kufika wapi. Akasema hilo si jibu, akageukia mteja wake. Nilipanda juu, nikafungua jedwali la vina na kuanza kulikagua upya kuanzia mstari wa kwanza.