Mafuta ya Mteremko wa Bugarama

Kaka yangu mkubwa, yaya kama tunavyosema huku, alikuwa na tabia ya madereva wote wa zamani wa Kamembe. Akifika pale barabara ya Bugarama inapoanza kushuka, anatoa gia, anazima moteri, gari linateremka lenyewe. "Hapa tunakula bure," aliwaambia abiria wake, wachuuzi wa mchele.

Kwa gari lake la kwanza alikuwa na haki. Karburateri, kile chombo cha kulisha moteri mafuta, haina akili. Moteri ikiwaka inanyonya tu, upande mlima au ushuke. Freni zilikuwa za nguvu ya mguu na volani, yaani usukani, ya nguvu ya mikono, kwa hiyo kuzima hakukumharibia kitu. Mimi ndiye nilikuwa fundi wake, na hata mimi nilimsifu.

Kisha akanunua gari la enjeksio, ambalo kompyuta ndiyo inapima mafuta. Mafuta yaliyokuwa yakimfikisha Bugarama tu, sasa yalimpeleka na kumrudisha. Alishangaa wiki nzima. Tabia hakuacha.

Siku zilezile nilikwenda Bukavu kujifunza magari hayo kwa fundi mmoja mzee. Aliniambia: ukishuka gari likiwa kwenye gia, ukatoa mguu kwenye pedali ya mafuta, kompyuta inafunga mafuta yote. Magurudumu ndiyo yanazungusha moteri. Ukizima huokoi kitu, tena unajitafutia balaa, maana freni inasaidiwa na moteri: ukikanyaga mara mbili tatu inakuwa jiwe, na volani inakuwa nzito. Nilivuka daraja la mpakani kurudi kwetu nikiwa na neno hilo mdomoni.

Nilimkuta yaya kwenye maegesho na madereva wenzake. "Daktari wa kompyuta amerudi," akasema. "Kesho atatufundisha kupanda baiskeli." Wakacheka. Mimi hasira yangu haipoi upesi. Nikasema moyoni, akitaka kujua atakuja kuuliza. Sikumwambia siku ile, wala kesho yake, wala wiki ile.

Alhamisi iliyofuata alizima moteri juu ya mteremko, kama kawaida, na gari likamshinda, likaacha barabara. Abiria walitoka na mikono iliyovunjika na michubuko. Walisema alikuwa anakanyaga freni kwa miguu yote miwili. Yeye alifia palepale.

Sikulia. Nilibeba jeneza, nilishika koleo, nilikula chakula cha matanga na nikaongeza. Watu walinipa pole nami nikaitikia, lakini ndani hamkuwa na kitu. Nilikuwa kama namtazama muntu mwingine akizika ndugu yake.

Matanga yalipokwisha, mke wake aliniita jikoni. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, hakuinua macho.

"Shemeji, pale kwenye mteremko alikuwa anaokoa mafuta kiasi gani?"

"Hakuna, Maman. Gari lile likishuka na gia halinywi hata tone."

"Yeye alijua?"

"Hapana."

"Na weye?"

Ningeweza kudanganya. Nikasema nilijua, na nikasema kwa nini nilinyamaza.

Aliendelea kuchambua mpaka mchele ukaisha. Kisha akaweka ungo chini.

"Basi batoto bake ni bako," akasema. "Wanatoka shule sasa hivi. Kaa, utakula nao."

Nikakaa. Tangu siku ile nakula pale kila mchana, kwenye kiti cha yaya, na bado sijalia.