Ushuhuda Uliopendwa Jericho

Kama uliishi mtaani Jericho miaka ile na hukumsikia Nthoki akishuhudia, uliishi bure. Watu walitoka Makadara na Kaloleni kwa miguu kuja kumsikia, na wengine, nawajua kwa majina, hawakuwa na haja yoyote ya kuokoka. Walifuata chang'aa, ile ya kusimuliwa.

Kabla ya kukutana na Yesu, Nthoki alikuwa akipika chang'aa, ile pombe kali ya magendo, kule Mukuru na kuwauzia vibarua wa viwandani. Siku moja kijana wa kwao Machakos, Mutisya, aliinywa jioni akaamka asubuhi haoni. Hilo ndilo lililomvunja Nthoki. Aliokoka, akamwaga kila kitu mtaroni, akaenda mwenyewe kwa Mutisya akapiga magoti. Mutisya akamsamehe. Nthoki akahamia chumba cha Jericho na kuanza kuuza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kando ya Barabara ya Jogoo. Mumewe alikuwa ameshaenda zake, na ndugu zake wa damu walikuwa wamemkataa zamani, kwa hiyo sisi wa ushirika wa waliookoka tukawa ndio ukoo wake wote. Alipougua mapafu ni sisi tuliokaa naye hospitalini kwa zamu.

Tulikutana kila Alhamisi jioni Buruburu, nyumbani kwa Mzee Thuo, karani wa serikali aliyekuwa kiongozi wetu. Kwetu aliyeokoka hushuhudia. Huyaweka maisha yake nuruni ndugu wayaone. Ni desturi nzuri, wala siikatai. Ila ushuhuda wa Nthoki ulikuwa mtamu kupita kiasi. Akiruka kipande, mtu alimkumbusha: "Dada, na ile ya askari?" Basi alirudi nyuma kueleza jinsi alivyokalia mtungi askari wakipekua, akijifanya ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Tulicheka hadi tukashika mbavu. Kisha akifika kwa Mutisya sauti ilikatika, nasi tulilia pamoja naye, halafu chai ililetwa. Mimi nilizoea kuketi karibu naye, na niliiona mikono yake ikitetemeka kwenye kikombe. Nilidhani ni Roho.

Thuo alipenda kuhubiri kwamba katika Kristo tuko huru. Tuliitikia Amina, kisha tukamwomba Nthoki arudi Mukuru kwa niaba yetu.

Krismasi ya 1982 alikwenda Machakos, akapitia kwa Mutisya kama kila mwaka, na kama kila mwaka akapiga magoti kuomba msamaha. Aliporudi alinisimulia kwa kunong'ona.

"Mama Kabiru, unajua ameniambia nini? Ati, 'Nthoki, mimi nilikusamehe kitambo. Mbona kila mwaka unanirudishia msamaha wangu? Kwani msamaha huo ulikuwa mbaya?'"

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Ningejibu nini? Nililia tu."

Nikamwambia basi aache kuisimulia habari hiyo. Alinitazama kana kwamba nimemtukana.

"Nikiacha, watasema nimepoa kiroho. Na wakisema nimepoa, mimi nitaenda kwa nani?"

Kwetu mtu aliyepoa hafukuzwi. Husalimiwa kwa ncha za vidole, na kiti cha karibu naye hukosa mtu wa kukikalia.

Pasaka ikaja, na mkutano mkubwa uwanjani Kaloleni. Thuo alimpanga Nthoki ashuhudie, na baada yake Koki, msichana aliyekuwa ameacha kazi ya baa wiki chache tu nyuma. "Hawa wawili watavua watu," alisema akisugua viganja. Hakuwa mtu mbaya, Thuo. Alizipenda roho za watu, na alijua pia kinachojaza uwanja.

Jumamosi Koki alimfuata Nthoki penye sufuria zake, nami nipo.

"Mama, hii maneno ya baa nitakuwa nikisema mpaka lini?"

"Kwani unataka kuyasema?"

"Sitaki. Nilimwambia Yesu yote, nikalia nikamaliza. Lakini wewe unasema yako kila mahali. Nikafikiri hivyo ndio mtu hukaa ameokoka."

Nthoki alibaki ameshika mwiko bila kukoroga. Githeri ikashika chini, wateja wakalalamika, wala hakuwasikia.

Jumapili uwanja ulijaa. Thuo alipolitaja jina lake, watu walisogea mbele. Nthoki akashika kipaza sauti.

"Bwana asifiwe. Mimi ni Nthoki. Nilitenda dhambi, Yesu akanisamehe."

Tukangoja.

"Ya askari!" mtu akapaza sauti kule nyuma, watu wakacheka.

"Ya askari mnaijua. Ya Mutisya mnaijua. Mungu alisema hatazikumbuka dhambi zetu tena, na mimi kila wiki namkumbusha. Nimechoka kumkumbusha. Jana niligombana na jirani kwa sababu ya mfereji, na leo asubuhi nikamwomba msamaha kabla ya kuja hapa. Huo ndio ushuhuda wangu. Nimemaliza."

Akamrudishia Thuo kipaza sauti. Hakuna aliyeitika. Uwanja mzima ulikuwa na uso wa mtu aliyealikwa harusini akapewa maji. Nyuma yangu mama mmoja akasema, bila hata kupunguza sauti, "Huyu amepoa."

Nthoki alisikia. Alikwenda akaketi kwenye benchi la pembeni, na waliokuwa hapo wakajisogeza. Nilikasirika, nawaambia wazi, hasira iliyonifaa kuliko mahubiri mengi. Nikaacha nafasi yangu ya mbele nikaenda kuketi naye. Niliitazama mikono yake mapajani. Ilikuwa imetulia.

Thuo, jasho likimtoka, alimwita Koki haraka.

"Naitwa Koki," msichana akasema. "Nilikuwa na dhambi zangu. Nimesamehewa."

Thuo akangoja zaidi. Koki akamwekea kipaza sauti mkononi, akashuka, akaja moja kwa moja kwenye benchi letu, akajibana upande wa pili wa Nthoki.

Ndipo Nthoki akasema Amina, kwa sauti ile ile ya kuwaita wateja wa githeri.